Usukani ukitetemeka gari imesimama, acheni matairi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma kweli. Mtu anafika gereji anasema stelingi inatetemeka, hapohapo anaambiwa kafanye wili balansi na alaimenti, anafanya, analipa, anaondoka na mtetemo wake uleule, akirudi anaambiwa basi nunua mauntingi, yaani zile raba zinazoshikilia injini kwenye bodi. Hakuna aliyemuuliza, inatetemeka ukiwa unaenda au ukiwa umesimama?

Hilo swali ndo la kwanza kabla ya spana yoyote. Tairi ambalo halizunguki haliwezi kutetemesha kitu. Ukitetemeka ukiwa kwenye mwendo mkubwa sawa, angalia balansi, rimu na tairi zenyewe, ukitetemeka pale unapokanyaga breki ukiwa kasi angalia disku za mbele. Lakini gari imesimama kwenye foleni, injini iko sailensi tu (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na usukani unakutikisa mikono, hapo kinachotikisika ni injini, na mtikisiko unapita kwenye mauntingi unaingia kwenye bodi unapanda mpaka kwenye usukani. Sasa cha kujua ni je, injini inatikisika kuliko kawaida, au iko sawa ila raba za mauntingi zimeshindwa kuuzuia mtikisiko wake? Mafundi wengi wanaruka hapa na mimi naona ndo penye kosa kubwa, kwa sababu ukifunga mauntingi mpya kwenye injini inayomisi, yaani yenye silinda isiyochoma vizuri, utakuwa umeficha ugonjwa tu.

Mikono yako yenyewe inaweza kukupa dalili. Injini ya petroli ya silinda nne ikiwa RPM 750, yaani mizunguko 750 kwa dakika, inachoma mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wake wa kawaida ni wa harakaharaka, kama unapita mikononi kwenye usukani unausikia ukizizima. Silinda moja ikiacha kuchoma, pengo lake linajirudia kama mara 6 kwa sekunde, basi hapo gari inakuwa inayumba, inatingishika taratibu, na ukisimama nyuma kwenye ekzosi unasikia mlio unakatikakatika. Kwa hiyo mtetemo wa kuzizima nafikiria kwanza mauntingi au sailensi kuwa chini, mtetemo wa kuyumba nafikiria plagi ya cheche, koili inayoipa plagi umeme, nozeli inayopulizia mafuta.

Afu kwa gari ya otomatiki kuna jaribio rahisi halina gharama, injini ikishapata moto kanyaga breki, weka D (gia ya kwenda mbele), sikiliza usukani, halafu weka N (huru). Ukiwa D injini inabeba mzigo, RPM inashuka kidogo na injini inajisukuma kwenye mauntingi, kwa hiyo mtetemo ukiisha kabisa ulipoweka N basi mauntingi zinashukiwa, au sailensi iko chini kiasi kwamba mzigo mdogo tu unaishinda. Ukibaki uleule kote kote, angalia uchomaji. Washa na AC uone, kama mshale wa RPM unaanguka na hauinuki tena, mauntingi ziache kwanza, angalia sailensi. Magari mengi ya petroli yakishapata moto yanakaa kati ya RPM 600 na 800, ila namba ya gari yako iangalie kwenye kitabu chake.

Kwenye uchomaji mashine ya kupimia inasaidia sana, inasoma kodi, yaani namba ya kosa, P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hivo hivo zinaendelea. Na hapa ndo watu wanauziwa koili zote kwa mpigo bila sababu! Kama kodi ni P0302 na kila plagi ina koili yake, chukua koili ya silinda ya pili weka kwenye ya tatu, na ya tatu weka kwenye ya pili, futa kodi, washa gari, kodi ikihamia P0303 koili hiyo ndo mbovu, isipohama angalia plagi, halafu nozeli, halafu kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kama kodi ni P0171 gari inapata hewa nyingi kuliko mafuta, tafuta mpira wa hewa uliopasuka, fundi mwenye mashine ya moshi ataona inapovuja, tafadhali msipulizie petroli kwenye injini ya moto kutafuta uvujaji, watu wanaungua. Throtoli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ikiwa na masizi isafishwe, na baadhi ya magari yanahitaji kufundishwa sailensi upya baada ya hapo, usishangae RPM ikicheza kidogo.

Mauntingi nazo zina mambo yake. Zile zenye maji ndani zikipasuka utaona zimelowa na kutoa alama ya mchirizi, raba ikiachana na chuma inaonekana ukimulika tochi. Kuna wanaofunga mauntingi mpya na mtetemo unazidi, mara nyingi ni kwa sababu raba ni ngumu kuliko ya mwanzo au bolti zilikazwa injini ikiwa imevutwa upande mmoja, zilegezwe, injini ikae yenyewe mahali pake, halafu zikazwe. Na kabla ya kununua chochote tazama bomba la ekzosi kama limegusa bodi, raba yake ya kuning'inizia ikikatika inaleta mtetemo huohuo na ni kazi ndogo sana.

Injini za silinda tatu na za dizeli kwa asili zinatetemeka zaidi, mwenye nayo asisumbuke kama imekuwa hivyo tangu mpya. Cha kusumbuka nacho ni mtetemo ulioanza juzi, na taa ya cheki injini ikiwa inawakawaka, hapo usiendelee kuendesha kabisa maana mafuta yasiyochomwa yanaenda kuungulia kwenye katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) na kuiua, na hiyo ni spea ya bei kubwa kuliko plagi na koili zote.

Mhariri, naomba ukurasa wenu wa magari uiweke hiyo ya kuhamisha koili na ya D na N, na fundi akisema mauntingi imekufa mwenye gari amwambie amuoneshe palipopasuka kabla hajatoa hela.

Msomaji wenu