Barua kwa wifi: kabla hujawaleta watoto Kolo

Wifi yangu,

Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Umeuliza kama mnaweza kushuka kwenye treni Dodoma asubuhi, mkaenda kuona michoro ya miambani Kondoa, kisha mkawahi treni ya jioni kurudi Dar. Jibu ni hapana. Naliandika hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayepiga hesabu hiyo. Tangu SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, watu wa Dar mnaiona Dodoma kama Kibaha. Haya, treni imewafupishia njia ya kuja Dodoma, lakini ya kutoka Dodoma kwenda Kolo iko palepale.

Kolo, mnakoanzia kwenda kwenye michoro, ni kijiji kilichopo kama kilomita 180 kaskazini ya Dodoma, kwenye barabara kuu ya Babati na Arusha. Ni lami mwanzo hadi mwisho: unapita Mayamaya, unapita Chemba, Kondoa mjini unauacha pembeni, unafika. Tenga saa tatu, maana kila kijiji kina kibao cha 50 na askari anayejua kukihesabia. Kwenda na kurudi ni saa sita barabarani, na bado hujapanda mlima. Kwa hiyo fikeni jioni ya siku moja kabla, mlale kwetu. Siku ya pili yote ni ya Kolo, na treni ya kurudi iwe ya kesho yake, mchana kweupe. Sababu ya mchana nitaieleza.

Kutoka hapa nyumbani ni saa 11 alfajiri. Najua watoto watalalamika. Walale kwenye gari. Mkitoka saa 2, mtaanza kupanda jua likiwa utosini, na mlima wa Mungomi, wenye michoro, una vichaka vya miiba kuliko vivuli. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wafike: mtu aliyetoka kwenye jua kali akiingia chini ya mwamba haoni kitu. Anaona ukuta wenye madoa, anapiga picha moja, anasema “ndiyo hii?”, anashuka. Amesafiri kilomita 180 kuja kuangalia ukuta.

Gari. IST ya kaka yako itafika Kolo bila tatizo lolote. Kutoka Kolo hadi chini ya Mungomi ni kama kilomita 9 za vumbi, mawe na mchanga, na hapo inaburuza tumbo. Tafuteni gari iliyonyanyuka. Mkiwa na gari ndogo tu, iacheni Kolo mkodi usafiri palepale, na mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda. Masika msijaribu. Nyie mnakuja likizo ya Juni, ni kiangazi, mko salama.

Kolo mnasimama kwenye ofisi ya Mambo ya Kale, iko kandokando ya barabara. Hapo ndipo mnapolipa kiingilio na kupewa mwongoza wageni. Bila yeye hampandi, na hata mngeruhusiwa msingeyaona mapango yenyewe. Mwambieni mapema mna muda gani na mna watoto wa umri gani. Eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipofanya kazi huku 1951 alinakili michoro kama 1,600, kwa hiyo neno “tunataka kuona yote” halina maana. Ombeni mapango matatu ya Mungomi, yanatosha. Choo, maji ya kunywa na kubadilisha viatu vyote vimalizike Kolo; huko mlimani hakuna choo wala duka.

Kuhusu mama na goti lake: sehemu ya mwisho ni kupanda kwa miguu, mwinuko mkali, mawe yanayosogea. Mtu mzima mwenye afya anatumia kama nusu saa. Kushuka ndiko kunakoumiza goti kuliko kupanda. Mwambieni mwongoza wageni hilo mkiwa bado Kolo, awachagulie pango la mwendo mfupi la kuanzia, mama aone, kisha yeye abaki kivulini na mtu mmoja. Msimkokote hadi nusu ya mlima ndipo mgundue.

Viatu ni raba zenye meno. Ndala hapana, hata kwa yule mdogo: mbigili za Kondoa zinatoboa soli ya ndala na kuingia kisiginoni. Suruali ndefu kwa wote. Maji lita 2 kwa mtu mzima na lita 1 na nusu kwa mtoto, ya mlimani tu, mengine yabaki garini. Chakula kiwe chapati na mayai ya kuchemsha, si wali wa hotpoti wa kubeba mgongoni. (Zabibu msizitegemee Juni. Mavuno ni Agosti hadi Septemba, na tena mwanzoni mwa mwaka.)

Sasa michoro yenyewe, maana hapa ndipo safari inapoharibika au kutengenezeka. Waandae watoto wakiwa nyumbani. Hawaendi kuona picha kubwa kama za mabango. Nyingi ni mistari myembamba ya rangi nyekundu ya udongo, rangi ya kutu, na baadhi ya watu waliochorwa hawazidi urefu wa kiganja cha mtu. Wakifika chini ya mwamba, waketi kwanza. Dakika tano, bila simu. Kisha wasogee hadi hatua mbili kutoka ukutani, wasizidi, watafute kitu kimoja tu: shingo ya twiga. Mtoto akishapata twiga wa kwanza, jicho limeshajifunza rangi, na mengine yanajitokeza yenyewe: tembo, pofu (yule swala mkubwa), na watu warefu wembamba kama mabua ya mtama, wengine wenye vichwa vya duara vilivyojaa mistari, kama nywele zilizosukwa au kinyago. Wataalamu hawajakubaliana ni nini. Waacheni watoto wabishane na wao.

Michoro myeupe ni ya baadaye, mizito, kama iliyopakwa kwa kidole, na mara nyingine imepita juu ya ile myekundu. Lakini si kila cheupe ni mchoro. Pimbi wanaishi kwenye miamba hii na mkojo wao ukikauka unaacha michirizi myeupe. Maji ya mvua nayo huacha chumvi. Mchirizi unaoshuka wima kutoka kwenye ufa, huo ni maji au pimbi. Mwekeeni dau yule mkubwa, atatambua.

Mtu asimwage maji ukutani “ili rangi ing’ae”. Huo ulikuwa mtindo wa wapiga picha wa zamani. Kweli inang’aa kwa dakika chache, lakini maji yakikauka yanavuta chumvi kutoka ndani ya jiwe, na chumvi inafunika mchoro kama ukungu. Kugusa nako vilevile: mafuta ya mkono yanabaki. Mchoro uliovumilia maelfu ya miaka unaweza kumalizwa na shule tatu zilizokuja matembezi.

Na jambo la heshima. Mungomi si makumbusho tu. Warangi, wenyeji wa Kondoa, bado wanapatumia kwa matambiko, hasa ya kuomba mvua. Mkikuta chungu, majivu au kitu chochote kimewekwa chini ya mwamba, msikiguse wala kukicheka. Mkikuta watu wanatambika, subirini mbali hadi mwongoza wageni awaambie. Michoro myekundu yenyewe inahusishwa na wawindaji wa zamani, na watafiti wengi wanawataja Wasandawe, wale wa lugha ya vidoko (sauti za kugonga ulimi), ambao mpaka leo wapo upande wa magharibi, huko Kwa Mtoro. Watoto wafundisheni kidoko kimoja garini, safari itakuwa fupi.

Mkishuka, angalieni makorongo. Ardhi ya Kondoa ilichimbika na maji hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Vichaka mnavyoviona leo vimeota baada ya hapo. Muwe mmeondoka Kolo saa 9 alasiri, mfike Dodoma kabla giza halijaingia. Ng’ombe na baiskeli zisizo na taa za saa 1 usiku zinanitisha kuliko mlima.

Treni sasa. Nauli iliyotangazwa 2024 kwa daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ni shilingi 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa 15,500, chini ya hapo hailipiwi. Kateni ya kurudi siku mnayokata ya kuja, maana Jumapili hujaa. Stesheni ya SGR si ile ya zamani iliyo katikati ya mji, kwa hiyo bodaboda akikuuliza “stesheni ipi?”, mjibu vizuri. Na muwepo mapema. Treni hii haisubiri mtu anayekimbia na begi.

Mchana nausisitiza kwa sababu ya kipande cha Gulwe, Kidete na Kilosa. Hapo bonde linabana, mto uko chini, na kando ya mto mtaiona reli ya zamani ya Wajerumani, ile iliyofika Dodoma 1910, upana wa mita 1 tu dhidi ya milimita 1,435 za hii mpya. Mto huo hubeba mchanga kila masika, kina chake kinajaa, maji yanapanda juu ya tuta na kulibomoa. Ndiyo maana treni ya zamani ilikuwa ikikwama hapo mara kwa mara, na ndiyo maana reli mpya imepandishwa juu na kutobolewa mahandaki manne. Refu kuliko yote lina kama kilomita 1. Wape watoto saa wahesabu: treni ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa, giza linaisha kwa sekunde 23 hivi. Ikizidi, imepunguza mwendo, na watajua kabla yako.

Leteni masweta. Dodoma ya Juni saa 11 alfajiri ina upepo ambao watu wa Dar hamuuamini mpaka uwapige.

Wifi yako wa Dodoma