Malalamiko: breki ya gurudumu moja ilikufa siku sita na gari likanificha

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUFELI KWA BREKI YA GURUDUMU LA MBELE KUSHOTO, NA BARUA YENU INAYONITUPIA LAWAMA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yenu ya kurasa mbili inayosema kwamba gari "lilifanya kazi kama lilivyobuniwa" na kwamba kuyumba kwake kulitokana na dereva "kupinga usukani". Nimeisoma mara tatu. Aliyeiandika amesoma kumbukumbu za kompyuta ya gari kwa makini, hilo nalikubali, lakini ameanza kusoma kuanzia sekunde ya mwisho. Mimi naomba tuanzie siku sita nyuma, maana hapo ndipo lilipo lalamiko langu.

Siku ya kwanza, nikiwa bado sijaondoka nilipoegesha, iliwaka taa ya njano kwenye dashibodi na maandishi: "Mfumo wa breki. Huduma inahitajika." Niliwapigia simu saa hiyo hiyo. Kijana wenu aliyepokea, mwenye adabu sana, alisoma hali ya gari kutoka kwenye kompyuta yake akaniambia kuna hitilafu kwenye gurudumu moja, mfumo umekwisha kufidia, niendelee kuendesha kama kawaida mpaka siku ya saba ambayo ndiyo nafasi ya karibu ya karakana. Nilimuuliza mara mbili: "Kama kawaida?" Akajibu ndiyo. Simu zenu hurekodiwa, kwa hiyo hili hatuna haja ya kubishania.

Nikaendesha kama kawaida. Na kweli, kila nilipokanyaga breki gari lilisimama limenyooka, pedali ngumu ileile, bila mtetemo wala kuvuta upande. Kufikia siku ya tatu nilishaisahau ile taa. Mtu akiniambia nilizembea nitamwuliza: ningezembeaje kitu ambacho gari lenyewe na kijana wenu wa simu waliniambia hakipo?

Sasa naelewa kilichokuwa kinaendelea, kwa sababu karakana yenu ilinipa ripoti na nilikaa nayo jioni nzima. Maji yaliingia kwenye kiungio cha nyaya cha gurudumu la mbele kushoto. Mota ndogo inayobana pedi kwenye diski haikupata tena amri yoyote, breki ikabaki wazi. Gari hili la umeme halina bomba la mafuta ya breki kutoka kwenye pedali kwenda magurudumuni. Pedali ni springi na vihisi tu, amri inapita kwenye nyaya, na kila gurudumu linajifungia breki yake. Basi kompyuta ikafanya ilichofundishwa. Kukanyaga kule kwepesi kwa kila siku ilikuachia mota kubwa ya ekseli ya mbele, ambayo inaporudisha umeme kwenye betri hushika magurudumu yote mawili ya mbele kwa nguvu sawa, kwa hiyo gari halivuti upande. Pale nilipokanyaga kwa nguvu zaidi kidogo, breki ya nyuma kushoto ilibeba mzigo wa upande mzima wa kushoto, na breki za kulia zikapunguzwa ili zilingane nayo. Ni kazi nzuri. Kama fundi wa zamani naisifu bila kinyongo. Lakini uzuri huo ndio ulionificha kwamba nina gari lenye breki tatu, na mojawapo inafanya kazi ya mbili.

Siku ya sita nilikuwa na safari ndefu, nikachaji betri usiku kucha mpaka ikajaa asilimia 100. Kitabu chenu kinashauri hivyo kabla ya safari ndefu, ukurasa huo nimeuambatisha. Muda mfupi baada ya kuondoka nilianza kuteremka mlima, mvua ikinyesha. Betri iliyojaa haina mahali pa kuweka umeme, hivyo ile mota kubwa ya mbele iliyokuwa ikinibeba siku tano zote haikusaidia kitu. Kuanzia kileleni, kila breki ilikuwa ni pedi na diski tu. Na kwa upande wa kushoto, pedi na diski hizo zilikuwa za nyuma, ndogo kuliko za mbele, kwenye ekseli ambayo gari likishika breki hupunguziwa uzito. Dakika kadhaa baadaye nilianza kusikia harufu ya pedi kuungua. Nilidhani ni lori lililokuwa mbele yangu.

Lori hilo ndilo lililosimama ghafla. Nilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Nikakanyaga pedali mpaka mwisho.

Hapa naomba mtulie na kumbukumbu zenu mkononi. Breki ya nyuma kushoto ilikuwa imeshapata moto kupita kiasi na haikushika ilivyotarajiwa. Kompyuta ikaona gari halipunguzi mwendo vya kutosha, ikaamua kuifungulia breki ya mbele kulia nguvu zake zote. Gurudumu moja la mbele likishika na mwenzake hashiki, gari huzunguka kuelekea upande unaoshika. Hilo kompyuta ililijua, na ikaamua kulisawazisha kwa usukani: usukani ukajigeuza wenyewe kushoto mikononi mwangu, kabla hata sijahisi gari likienda kulia. Sikuwa nimeambiwa popote, na yeyote, kwamba gari hili linaweza kunigeuzia usukani wakati wa breki. Kushoto kwangu kulikuwa na gari jingine. Nikaung'ang'ania.

Huko ndiko mnakokuita "kupinga usukani". Mwandishi wa barua yenu anaandika kana kwamba mimi nilikuwa na mpango mwingine. Mikono ya binadamu ikishtukizwa na usukani unaojivuta hufunga, hata ingekuwa ya dereva wa mashindano. Kompyuta iliniandalia uamuzi unaonihitaji nilegeze mikono, halafu haikunidokeza. Gari likayumba kulia, likatoka kwenye lami, likasimama kwenye changarawe likiwa limegusa kingo ya chuma. Hakuna aliyeumia. Diski ya nyuma kushoto ilipofunguliwa ilikuwa imegeuka rangi ya buluu, na ninyi mmeandika kwamba kuibadilisha hakumo kwenye dhamana kwa kuwa ni "uchakavu wa kawaida". Diski ya mwenzake wa kulia ni safi kama mpya. Uchakavu gani wa kawaida unachagua upande?

Naja kwenye taa. Ninyi mnasema nilionywa. Kanuni Na. 13-H ya Umoja wa Mataifa, ambayo kitabu chenu kinasema gari hili linaitimiza, inataka taa nyekundu pale hitilafu inapozuia breki za kawaida kufikia kiwango kilichowekwa. Ya njano ni kwa hitilafu nyingine za umeme. Kiwango hicho cha breki za kawaida ni gari kupunguza mwendo kwa angalau mita 6.43 kwa sekunde katika kila sekunde. Breki za dharura, zile za kubakia baada ya hitilafu, zinadaiwa 2.44 tu. Nilipiga hesabu yangu ya penseli kwa gari la kilo 1,800 lililogawana uzito nusu kwa nusu mbele na nyuma, breki ya mbele kushoto imekufa, mota haisaidii, na gari linatakiwa libaki limenyooka bila kugeuza usukani. Kwenye lami kavu na tambarare napata kama 3.7. Kwa kilomita 80 kwa saa hiyo ni karibu mita 67 za kusimama, wakati kwa 6.43 ni karibu mita 38. Kwenye lami yenye maji, nikichukulia tairi linashika kwa sehemu sita kwa kumi za uzito ulioliegemea, gari lenye breki zote nne lingesimama kwa kama mita 42, langu lingehitaji kama 94. Na huo ni uwanja tambarare, bado sijaingiza mteremko wala pedi iliyoungua. Wahandisi wenu wana vipimo bora kuliko penseli yangu, wanirekebishe. Lakini waniambie pia: 3.7 inafikaje 6.43 ili taa iwe ya njano? Kama jibu ni kwamba mnaihesabu na ile mota ya mbele, basi siku betri ikijaa taa ingepaswa kubadilika rangi. Haikubadilika.

Nisieleweke vibaya. Siwaombi mrudishe mafuta ya breki. Nimetumia nusu ya maisha yangu chini ya magari yenye breki za mafuta na najua zinavyovuja. Hata hivyo, pale mzunguko mmoja wa mafuta ya breki ulipopasuka, pedali ilizama chini ya mguu. Ilitisha, lakini dereva alijua palepale. Mzunguko wa pili, mara nyingi wa gurudumu la mbele upande mmoja na la nyuma upande mwingine, ulimfikisha karakana akiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Hata Mercedes-Benz walipoanza kuuza breki zao za kielektroniki za SBC mwaka 2001, waliacha njia ya mafuta kutoka kwenye pedali hadi magurudumu ya mbele. Umeme ukikata, pedali ilizama zaidi na kudai mguu mzito, dereva akajua. Mfumo ulipoleta matatizo, mwaka 2004 waliita magari takriban 680,000 yarudi kukaguliwa. Ninyi mmeondoa njia hiyo, sawa, mna vyanzo viwili vya umeme na kompyuta mbili. Lakini mmeondoa pia habari iliyokuwa ikifika mguuni, na badala yake mmeweka maandishi ya maneno matano.

Ninachotaka kwanza ni kumbukumbu zote za siku sita, za kila gurudumu: amri iliyotumwa, nguvu iliyobana, joto mlilokadiria kwenye diski. Mmenipa sekunde nane za mwisho tu. Pili, badilisheni diski na pedi za nyuma kushoto kwa dhamana, na muondoe kwenye faili langu maneno kwamba nilisababisha tukio.

Mengine ni ya programu, na siamini yanahitaji hata kipuri kimoja. Gurudumu likipoteza breki, taa iwe nyekundu na maandishi yataje ni gurudumu lipi. Gari likatae kuzidi kasi ambayo breki zilizobaki zinaweza kuisimamisha kwa umbali unaokubalika, na dereva aambiwe kwa nini. Betri isiruhusiwe kujaa kabisa mpaka breki itengenezwe, ili mota ya mbele iwe na mahali pa kupeleka umeme. Kompyuta inayojua kugawa nguvu za magurudumu mara mamia kwa sekunde haiwezi kushindwa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Breki inayobebeshwa kazi ya mwenzake ihesabiwe joto lake, na onyo litoke kabla ya harufu. Na kama usukani utajigeuza, basi hilo liandikwe kwenye kitabu kwa herufi zinazosomeka, na mara baada ya hitilafu gari limwonjeshe dereva mvuto huo kidogo akiwa kwenye mwendo wa pole, ili mikono iujue.

Kuna swali moja ambalo kitabu chenu hakiligusi kabisa, na linaninyima usingizi kuliko lililonipata. Mimi breki yangu ilifeli ikiwa wazi. Ingefeli ikiwa imebana je? Gurudumu la mbele likifungwa kabisa kwenye kilomita 80 kwa saa na mvua, kompyuta inafanya nini, na mimi nifanye nini? Mota ile ndogo ikikosa umeme hurudi nyuma yenyewe na kuachia pedi, au hubaki ilipo? Sitaki jibu la "mfumo ni salama". Nataka jibu la fundi kwa fundi.

Mwisho, kijana wa simu asiadhibiwe. Alisoma kilichoandikwa kwenye skrini yake. Aliyeandika "endelea kama kawaida" kwenye skrini ile ndiye ninayetaka apewe nakala ya barua hii, na wamiliki wengine wenye gari kama langu na taa kama ile wapigiwe simu wiki hii, wasisubiri nafasi ya karakana.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitapeleka nakala hii pamoja na viambatisho kwa mamlaka ya usalama wa magari. Kwa sasa gari liko kwenye karakana yenu, betri ikiwa asilimia 40. Nimewaomba mafundi wasiijaze.

Wenu,

Mteja na mmiliki wa gari husika

Viambatisho: ripoti ya karakana, picha za diski mbili za nyuma, ukurasa wa kitabu kuhusu kuchaji, nakala ya barua yenu, hesabu ya penseli.