Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Chura wa Kihansi na Nyangumi wa Meno ya Sepetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Muhula huu klabu yetu imetawaliwa na ubishi mmoja: kati ya chura wa Kihansi na nyangumi wa meno ya sepetu, nani adimu zaidi?

Mheshimiwa mgeni rasmi, nyangumi huyo ana urefu wa mita 5 hivi, lakini hakuna aliyethibitika kumwona akiwa hai baharini. Alijulikana kwanza kwa kipande cha taya kilichookotwa visiwa vya Chatham, New Zealand, mwaka 1872. Mwaka 2010 jike na mwanawe walikwama ufukweni New Zealand, wakadhaniwa ni wa aina nyingine mpaka vipimo vya vinasaba vilipowaumbua. Dume lililosukumwa ufukweni huko huko mwaka 2024 lilipopasuliwa, wataalamu wakishirikiana na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, tumbo lilikutwa na vyumba 9.

Chura ni wetu Watanzania. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Ni wa manjano, hafiki sentimita 3, na jike hatagi: huzaa vichura vilivyokamilika, vya milimita 5 tu. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta 2, zilizoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakata. Ugonjwa wa kuvu nao ukaingia. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati nzuri, karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakazaliana huko, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, kwenye manyunyu ya mabomba.

Wapo watu wazima waliotucheka: umeme wa taifa ulinganishwe na chura! Sisi tunataka vyote viwili, na mabomba yale yanaonyesha inawezekana. Ndiyo maana wengi wetu tuko upande wa chura. Nyangumi ana bahari nzima ya kujifichia. Chura mfereji ukifungwa hana pa kukimbilia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni mawili: usafiri wa kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako vyura hawa wamekuwa wakitunzwa, na lenzi za kukuzia. Kichura cha milimita 5 hakionekani vizuri kwa macho matupu, na wanachama tuko wengi.

Tunaomba kuwasilisha.