Shangazi, lile daftari nimelifumua

Shikamoo Shangazi.

Najua hii utasomewa na watoto, maana simu yako unaifungua kwa ajili ya salamu za asubuhi na picha za maua tu. Basi wakusomee taratibu, na wakifika mahali pa kukukasirisha uwaambie waendelee kidogo.

Lile daftari ulilonipa siku ya mahafali mwaka 2016, lenye jalada la kitambaa cha kijani na utepe wa kuwekea alama, sikuliandika hata neno moja. Miaka minane. Kila ukiniuliza kwenye simu naliandikia nini, nilikujibu "mambo mbalimbali, Shangazi." Hayo mambo mbalimbali yalikuwa kwenye kaunta buku, kwenye risiti, nyuma ya bahasha na mara nyingine kwenye kiganja. Daftari lako lilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko uleule uliokuja nalo.

Si kwamba sikulipenda. Nililipenda mno, ndipo kosa lilipoanzia. Nilikuwa nalishusha, nalifungua katikati, nanusa, napitisha kidole juu ya zile karatasi za rangi ya malai. Halafu nauona mwandiko wangu, ule unaolala kushoto kama nyasi baada ya mvua, nalirudisha.

Ugonjwa huu tunao wengi. Nenda duka lolote la steshenari Kariakoo mwezi wa kwanza. Wazazi wamebanana na orodha za shule mkononi, wanahesabu madaftari kwa dazeni na kuvutana bei, na katikati yao kuna mtu mzima asiye na mtoto wala orodha, amesimama mbele ya kalamu za rangi kama aliyefika msibani. Huyo ni mimi. Nimeingia kununua peni moja. Pale kaunta huwa pana kipande cha boksi cha kujaribia kalamu: mizunguko, saini, "Tanzania Tanzania", majina yaliyoishia njiani. Mimi naweza kukitazama kile kipande muda mrefu kuliko bidhaa yoyote ya dukani. Mtu akikishika haulizi kama mwandiko wake unafaa.

Kilichonifanya nilishushe daftari lako ni mende. Machi 2024, mvua za masika zikianza kupiga, nilikuta kona ya mgongo wake imetafunwa. Mende hana habari na maandishi, anafuata wanga uliomo kwenye gundi na kwenye kitambaa cha jalada. Kitambaa kilikuwa kimeachia kama sentimita tatu, na chini yake nikaona kitu ambacho miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama kipo. Uzi. Kumbe daftari limeshonwa.

Nililia kidogo. Kisha nikachukua wembe.

Hapo ndipo pa kukasirika, Shangazi. Watoto, endeleeni.

Nilichana kitambaa cha mgongoni, nikabandua chachi iliyogandishwa kwa gundi, ile inayofanana na bendeji ya zahanati, nikakata nyuzi moja moja. Nikabaki na mafungu 12 ya karatasi mezani. Kila fungu ni karatasi nne zilizokunjwa katikati na kuchomekwa moja ndani ya nyingine, kwa hiyo majani manane, kurasa 16. Mara 12, kurasa 192. Sawasawa na kaunta buku la kwaya mbili (kwaya ya karatasi, siyo ya kanisani). Nilicheka peke yangu chumbani. Kitu nilichokiogopa miaka minane kina kurasa sawa na kile ninachoandikia deni la genge.

Na pale mezani nikakukumbuka wewe na Januari zetu za Muheza. Madaftari ya watoto wa ukoo mzima yamepangwa kwenye mkeka. Kaki kama pesa ipo, gazeti kama haipo, na kwa mwenye bahati kalenda ya mwaka uliopita, ile ya karatasi ngumu inayong'aa, tuliyogombania mpaka mtu akatoka na jeraha. Sufuria ndogo ya unga wa ngano na maji, unakoroga mpaka inakuwa uji mzito, na unatutisha kwamba atakayelamba utumbo utagandana. Vipande vilivyobaki tulitengeneza mashua na kofia, na mashua zilizama zote kwenye beseni la kufulia.

Ila kilichonishangaza zaidi ni ulivyokuwa ukichana gazeti. Unalishika juu, unashuka nalo mpaka chini kwa mkono mtupu, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Mimi nikajaribu kwa upana, likaenda linakotaka, likakata picha ya waziri shingoni. Nikaamini ni mkono wa ualimu.

Ni nyuzi, Shangazi. Karatasi ya kiwandani ni rojo la mbao linalomwagwa juu ya wavu unaokwenda mbele, na vinyuzi vingi hulala kufuata safari ya wavu, kama majani yanavyolala mtoni. Ukichana kwa kufuata ulalo huo, karatasi inakutii. Ukiukatiza, inapinda. Kwenye gazeti nyuzi huwa zimesimama, juu kwenda chini. Ulikuwa unalijua hilo mkononi bila kuambiwa na mtu.

Mimi sikulijua, na nimelilipia. Baada ya kulifumua daftari lako niliogopa kuligusa tena, nikasema nijifunzie kwanza kwenye vitu vya bure. Nikakata maboksi kuwa majalada, nikavalisha kaki, kipande hiki kimelala na kile kimesimama ili nisipoteze karatasi. Asubuhi majalada yalikuwa yamejikunja kama chapati iliyosahauliwa juani. Nikayakandamiza kwa jiwe la kusagia siku mbili, nilipolitoa yakajikunja tena. Karatasi ikilowa gundi hutanuka zaidi kwa upande unaokatiza nyuzi, na ikikauka inarudi na kuvuta boksi pamoja nayo. Siku hizi sikati kitu kabla ya kukipima: naipinda karatasi kidogo bila kuivunja, mara kwa urefu, mara kwa upana. Mkunjo unaokuja kwa ulaini ndio unaolala sambamba na nyuzi, nami nazisimamisha sambamba na mgongo wa kitabu.

Kaki siinunui. Naokota mifuko ya dukani, naikunjua, naipiga pasi ya moto mdogo. Ile kaki ngumu hasa, kama ya mifuko ya saruji inayotengenezwa na kiwanda cha Mgololo kule Mufindi, inatokana na misonobari, na msonobari una nyuzi ndefu, ndiyo maana inabebeshwa mzigo na haichaniki. Vipande vya kalenda vinavyobaki nakata pembetatu nyembamba ndefu, naviringisha kwenye sindano kuanzia upande mpana, nabandika ncha, napaka vanishi. Zinakuwa shanga, kama za akina mama wa Kampala. Nimewavisha wifi zako wawili na hakuna aliyegundua kuwa amevaa Oktoba.

Na gundi yako! Mwanzoni nilinunua ya mafundi seremala, nyeupe, ya kopo. Inashika kwelikweli, lakini ukikosea umekosea, ikikauka hairudi nyuma. Baadaye nikajifunza kwamba mafundi wanaokarabati vitabu vya kale kwenye makumbusho na maktaba kubwa za dunia wanatumia gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu ukiilowesha inaachia tena bila kuiumiza karatasi. Wewe ulikuwa unaipika kwenye sufuria ya maziwa na bibi anakugombeza. Nimeirudia. Mende nao wanaipenda, hilo bado sijalipatia dawa.

Kushona ndiko kulikonitoa jasho. Msharasi nilinunua kwa fundi viatu wa mtaani kwetu, na uzi wake pia, ambao naupitisha kwenye mshumaa upate nta usijikoroge. Kila fungu lina matundu matano kwenye mkunjo. Sindano inatoka kwenye tundu la fungu la juu, inapita nyuma ya mshono wa fungu lililo chini yake, inarudi kuingia kwenye tundu lilelile ililotokea. Inaonekana rahisi ukiiandika. Nilifuata picha, nikafumua; nikafuata tena, nikafumua. Mara ya tatu nimekaa sebuleni nimenuna, jicho likaangukia kitambaa chako cha kochi, kile chenye tausi wawili. Ukingo wake wote ni mshono wa mnyororo. Pete inaingia kwenye pete, na kila mpya inashikwa na iliyotangulia. Nikageuza daftari la majaribio nililokuwa nalishona nikatazama mgongo wake. Ni kitu kilekile! Ulinifundisha mshono huo nikiwa na miaka tisa, nikaulaani kwa sababu wenzangu walikuwa nje wanacheza rede.

Wakristo wa Misri walishona vitabu kwa mnyororo huo tangu karne za mwanzo, na Ethiopia wapo mafundi wanaoshona hivyo hadi leo, kurasa za ngozi ya mbuzi zikikaa kati ya mbao mbili. Kwenye monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa kuna Injili ambazo ngozi yake ilipopimwa ilionekana ina zaidi ya miaka 1,300. Nilipoyajua hayo nilienda kutazama neno letu wenyewe, daftari. Tumelipata kwa Waarabu, asili yake ni kwa Wagiriki, na huko Ugirikini maana yake ilikuwa ngozi. Tumeacha mbuzi tukabaki na jina.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mafundi wake. Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19 watu walikuwa wananakili Kurani kwa mkono, kwenye karatasi zilizovuka bahari kutoka Italia. Nyingi katika karatasi za biashara ile zilikuwa na alama ya hilali tatu ndani yake, huioni mpaka uziinue kwenye mwanga. Na katika miswada mingi ya zamani ya hati za Kiarabu kuna jambo dogo nililolipenda mpaka nikaliiba. Chini ya ukurasa, pembeni, peke yake, mwandishi anaandika neno ambalo ukurasa unaofuata utaanza nalo. Ni kwa ajili ya fundi wa kushona: karatasi zikichanganyikana, asome neno la chini, atafute ukurasa unaoanza na neno hilo, aendelee.

Jumamosi nakaa kibarazani na watoto wa majirani. Nawapa karatasi za ofisini zilizochapwa upande mmoja. A4 moja unaikunja mara tatu upate vyumba vinane, unaikunjua, unaikata mstari wa katikati wa vyumba viwili vya kati tu, unaisukuma kwa ndani, tayari kitabu cha kurasa nane bila uzi wala gundi. Kuna kabinti kamoja ka darasa la pili hakasubiri nimalize kukunja. Kameshaandika juu "KITABU CHA PAKA WETU", ndani ukurasa wa kwanza "Paka wetu anaitwa Simba", wa pili "Alikufa", na zile tano zilizobaki kamechora samaki. Nikakauliza mbona samaki. Kakanijibu, "Ndiyo chakula chake huko." Kalitumia kalamu yangu ya wino niliyoiagiza kwa pesa nyingi, kakaikandamiza mpaka ncha ikapanuka.

Jioni ile nilitoa mafungu yako 12 chini ya godoro nilikokuwa nimeyalalia yasipinde.

Nimeshona vitabu viwili, mafungu sita sita. Kitambaa cha kijani mende walikiacha cha kutosha migongo yote miwili, majalada nimevalisha kaki. Nyuzi zimesimama, sijakosea. Utepe sikuweza kuugawa, umekwenda kwako.

Nusu yangu nimeijaza. Kurasa 96, mwandiko umelala kushoto wote. Kuna bei za nyanya, kuna ndoto, kuna mahesabu ya kikoba, kuna kurasa mbili za kumsema bosi ambazo nimezibandika zisifunguke. Chini ya kila ukurasa lipo neno la ukurasa unaofuata.

Nusu yako naituma Jumamosi kwa basi la Tanga, na konda nimempa namba ya Mwanaidi. Haina uzito, A5 moja ya karatasi hii ni gramu mbili na nusu, majani 48 ni gramu 120, ongeza majalada. Usiiweke juu ya kabati.

Ukurasa wangu wa mwisho nimeumalizia kwa kukuamkia. Na chini yake, pembeni, nimeandika neno la ukurasa wako wa kwanza: Marahaba.