Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa WHO: Mama yangu hakujiona jaridani

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani,

Mama yangu alikuwa na miaka 67 alipogundulika na saratani ya matiti. Miezi michache kabla, nilimkuta na jarida mapajani, limefunuliwa kwenye picha ya mwanamke kijana mwenye kipara na kitambaa cha waridi shingoni, wanawe wawili wamemkumbatia. Mama akampitisha kidole usoni. "Masikini, mtoto mdogo hivi!" Akafunua ukurasa mwingine. Yeye angejionaje pale?

Majarida yametusaidia, sikatai. Mwaka 1913, saratani ikitajwa kwa kunong'ona, Ladies' Home Journal la Marekani liliwaeleza wanawake waziwazi kuhusu ugonjwa huu. Mwaka 1974 Betty Ford, mke wa rais wa nchi hiyo, alikatwa titi na hakuficha. Wanawake wakamiminika kupimwa. Mwaka 1993 jarida la New York Times liliweka jaladani picha ya msanii Matuschka, gauni limekatwa upande mmoja, kovu la titi lililokatwa liko wazi. Picha ile naiheshimu mpaka leo.

Kinachoniuma ni umri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulichambua simulizi za wagonjwa katika majarida: zaidi ya wanane kati ya kumi waligundulika kabla ya kufika miaka 50. Kati ya wagonjwa halisi nchini humo, wa umri huo hawakufika hata wawili kati ya kumi. Basi msichana analala na hofu isiyo kiasi chake, na bibi, ambaye hatari yake inapanda kadiri anavyozeeka, anadhani yamempita. Wanaume wanaougua, na wale ambao saratani imeshasambaa mwilini, ndio kabisa hawaonekani; utepe wa waridi, alama ya kampeni za saratani ya matiti, unapenda waliopona.

Mheshimiwa, shirika lako limewaandalia wanahabari mwongozo wa kuripoti habari za kujiua tangu mwaka 2000. Naomba wa saratani ya matiti pia. Uwatake wahariri, kila wanaposimulia habari za mgonjwa kijana, waandike papo hapo ni umri gani hasa unaoshikwa zaidi, na wawape nafasi wanawake wenye mvi, kwa picha na kwa sauti zao.

Matoleo ya majarida ya Oktoba, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti, hupangwa mapema. Mwongozo ukitoka miezi kadhaa kabla, utawakuta wahariri bado wanachagua picha.

Wako,
Binti wa mgonjwa