Somo, foronya hizo 40 zishoneni

Montgomery, Alabama
8 Oktoba

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kunyemelea: asubuhi natoka na sweta, ikifika saa sita nalibeba mkononi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nakunja nguo, nikacheka peke yangu ulipofika pale mama mkubwa wa kikundi aliposusa akaondoka na mkasi wake, na mkasi wenyewe ndio mliokuwa mkiutegemea. Nimeona nikuandikie, maana nikijibu kwa sauti nitapiga soga mpaka nisahau nilichotaka kusema.

Nimekuelewa hivi. Hoteli imeleta oda ya foronya 40, kipimo kimoja, rangi moja, mshono mmoja. Nusu ya kikundi wanataka pesa. Nusu wanasema kushona vitu vinavyofanana ni kazi ya kiwanda, na wao si kiwanda. Wewe katibu umebaki katikati, unasokotwa huku na huku kama kanga inayokamuliwa na watu wawili.

Basi, Jumamosi iliyopita nilikwenda Gee's Bend, kijiji cha wanawake washonaji hukuhuku Alabama, na tangu nirudi nawawaza ninyi tu.

Kutoka hapa hadi Camden ni mashamba na misonobari. Ukifika mtoni, Gee's Bend iko ng'ambo. Mto Alabama umeizunguka pande tatu, kijiji kimeingia ndani ya maji kama kidole ndani ya subana. Tulivuka kwa kivuko na gari zetu, nikakumbuka Pangani tulivyokuwa tukivuka kwenda Bweni, wewe ukiwa umeshika kapu la maandazi kichwani na viatu mkononi. Tofauti ni kwamba hiki cha huku kinatumia umeme. Hakina moshi wala mngurumo, nilidhani bado hatujaondoka.

Kivuko hicho kina habari yake. Mwaka 1962 watu weusi wa Gee's Bend walikuwa wameanza kuvuka kwenda Camden kudai waandikishwe kupiga kura. Wakubwa wa pale wakaona dawa ni kukiondoa kivuko. Kilirudi 2006. Hesabu mwenyewe: miaka 44 mtu anauona mji kwa macho, lakini akitaka kuufikia anazunguka kwa barabara karibu saa nzima, kama ana gari.

Siku niliyokwenda ilikuwa ya kuanika mifarishi. Tangu 2022 kila Oktoba wanafanya hivyo, wanaitundika kwenye kamba mbele ya nyumba, kijiji kizima, na watu wanatoka mbali kuja kuitazama. Naiita mifarishi kwa sababu sina neno jingine. Unakumbuka ule wa bibi yangu, wa kanga kuukuu zilizoshonwa tabaka juu ya tabaka, tuliokuwa tukilalia mchana? Wa huku ni ndugu yake. Juu wanaunga viraka, katikati wanatia pamba, chini bitana, halafu tabaka zote tatu zinafungwa pamoja kwa bandi ndogondogo za mkono. Zamani pamba yenyewe walikuwa wakiizoa sakafuni kwenye mashine ya kuchambulia pamba, wanaichapa kwa fimbo mpaka itawanyike. Na kuunga viraka kila mwanamke hufanya kwake, peke yake, anavyotaka. Kazi ya kupiga zile bandi ndiyo ya kukusanyika. Umeona? Ni kama ukili: kila mtu anasuka wake barazani kwake, siku ya kushona mkeka ndipo mnaitana.

Nilisimama muda mrefu mbele ya mmoja wa suruali za kazi. Palipokuwa na mfuko, mfuko umefumuliwa, na chini yake pamebaki mraba wa buluu iliyokolea, huku pembeni jua lilishakula rangi yote. Magotini pamepauka. Mwenye suruali hayupo, lakini unajua alikuwa akipiga goti lipi anapopalilia. Kuna mwingine mashuhuri wa namna hiyo, ulioshonwa 1942 na mama mmoja, Missouri Pettway. Mumewe alifariki, akachukua nguo zake za shamba akazikata vipande, binti yake Arlonzia akimsaidia, akashona wa kujifunika ili amkumbuke. Somo, nilitaka kuugusa ule wa kwenye kamba, nikaona haya.

Ukiita Pettway barabarani pale wanageuka wengi. Ni jina la bwana aliyenunua shamba la pamba lililokuwa pale, 1845, na kuwaleta watumwa wake kutoka North Carolina kwa miguu. Utumwa ulipokwisha walibaki palepale, wakilima pamba ya watu kwa kugawana mavuno, na deni halikwisha. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alikufa, na warithi wake wakaja kudai chao. Walizoa kila kitu: nyumbu, ng'ombe, majembe, hata mahindi ya ghalani. Kwenye nyumba za mbao zenye nyufa, majira ya baridi, utaelewa kwa nini mwanamke hakutupa hata mkono wa shati.

Sasa nakuja kwenye kikundi, ndicho nilichokusudia.

Desemba 1965 padri mmoja mzungu wa Kianglikana, Francis X. Walter, mzaliwa wa Mobile hukuhuku Alabama, alikuwa akizunguka wilaya hiyo ya Wilcox kuandika habari za watu waliofukuzwa mashambani kwa sababu wamedai haki zao. Uielewe hali: mwanzoni mwa mwaka huo hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura wilaya nzima, na weusi ndio walio wengi. Akapotea njia, akaona kamba ya nguo ina mifarishi mitatu. Alipoteremka kuuliza, mwenye nyumba alikimbilia msituni. Mzungu asiyemjua, wakati ule, ungekimbia hata wewe. Lakini padri akarudi siku nyingine na mtu wanayemfahamu, akaanza kununua, dola 10 kila mmoja, akaipeleka New York kuinadi.

Tarehe 26 Machi 1966 wanawake zaidi ya 60 walikutana kanisani Camden wakaunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee. Hiyo "bee" wala usidhani nyuki. Ni mkusanyiko wa kufanya kazi pamoja, ule Wapare wanaouita msaragambo. Kwa hiyo jina lao, ukilileta kwetu, ni msaragambo wa kushona, wa uhuru. Mimi nalipenda kuliko majina ya vikundi vyetu vyote, Tumaini na Upendo, cha kwenu kikiwemo, unisamehe.

Meneja wao alikuwa Estelle Witherspoon, wa Alberta, kijiji cha jirani, na mwanzoni kazi ilikuwa ikifanyika nyumbani kwake. Walipopata fedha hawakuanza na kugawana. Walinunua ardhi, ekari 23, wakajenga jengo la kushonea lililofunguliwa 1969 na kupewa jina la Martin Luther King. Na sehemu ya ardhi waliikata viwanja wakawauzia familia zilizofukuzwa kwa ajili ya kura. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Kikundi cha washonaji! Mtu alikuwa akipoteza nyumba kwa kujiandikisha, na sindano ndiyo iliyompatia pa kujenga nyingine. Wakatenga na mahali pa kulelea watoto wakati mama zao wako kazini.

Maduka makubwa ya New York yakaanza kuagiza. Ikafika shida yenu hasa. Duka linataka mfarishi wa kumi ufanane na wa kwanza, kona zikutane, mistari inyooke, rangi iwe ileile. Wanawake waliozoea kukata kwa jicho, bila chaki wala rula, wakaambiwa wapime. Wengine walikasirika. Wengine walikaa nje, wakaendelea kushona walivyoona wenyewe, kwa ajili ya vitanda vyao. Waliobaki walijifunza kupima, na mwaka 1972 wakapata kazi ya kampuni ya maduka ya Sears: foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Foronya, somo! Kama zenu. Miaka na miaka, kodrai ya rangi ya dhahabu, ya jani la mparachichi, ya chungwa, nyekundu, ileile kila siku. Nadhani walichoka mpaka wakaiota. Lakini mshahara ulikuwa unakuja, na mashambani mkono wa mtu ulikuwa umeshachukuliwa na mashine.

Basi, yale mabaki ya kodrai hawakuyatupa. Waliyabeba kwenda nayo nyumbani. Jioni, kwao, hakuna wa kuwaambia pima, wakayaunga wanavyotaka. Mifarishi ile ya kodrai leo imo kwenye makumbusho. Nilikuwa nimesimama mbele ya mmoja, miraba inaingia ndani ya miraba mpaka katikati, wanauita "paa la nyumba", na hakuna pembe hata moja iliyonyooka. Unaona kabisa mtu aliyeshona amepumua.

Hadithi inayopendwa magazetini inaanzia mbali na hapo. Inaanza na mkusanyaji wa sanaa kutoka Atlanta, William Arnett, aliyeona picha ya mfarishi wa Annie Mae Young ukiwa umetandikwa juu ya kuni, akamtafuta. Alipompata, mama wa watu alikuwa ametoka kuchoma baadhi kufukuza mbu. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji ikaonyeshwa Houston, halafu makumbusho ya Whitney New York, na watu wakapigana vikumbo. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10. Baada ya hapo zikaja kesi, baadhi ya washonaji wakidai hawakupata haki yao katika mauzo na matumizi ya miundo yao. Yakaisha 2008 kwa makubaliano. Yote hayo ni kweli na sikatai. Linaloniudhi ni kwamba katika simulizi hiyo mama ni mtu wa kugunduliwa, amekaa tu anangoja gari lije. Wakati miaka 36 kabla ya Whitney walikuwa wameshakaa kanisani wakachagua viongozi, wakanunua ardhi, wakaandika vitabu vya hesabu.

Ushirika wenyewe ulizeeka na wanachama wake. Oda zilipungua, wazee wakafa, mwaka 2012 ukafungwa rasmi.

Sasa swali lako. Mimi nasema foronya hizo 40 zishoneni. Mama mkubwa ana haki, ni kazi ya kuchosha na haina sifa, lakini hana haki ya kuwanyima wenzake ada ya shule. Ila kabla hamjakata kitambaa, kaeni muandike mambo matatu manne: nani anashika fedha, mtu akiugua katikati ya oda analipwaje, na mabaki ni ya nani. Hilo la mwisho utacheka, lakini ndilo ningeanza nalo. Kitambaa cha hoteli kitabaki, hakikosi. Kisirudi hotelini na kisiuzwe kwa kilo sokoni. Kila mmoja aende nacho kwake, hasa mama mkubwa, mwache akiunge bila mtu kumshikia kipimo. Na kila mtu atie jina lake nyuma ya alichoshona, kwa uzi, si kalamu.

Nimesahau kukuchekesha. Palikuwa na fremu ya mbao ya kujifunzia, mabibi wamekaa pande zote, wageni wanakaribishwa kujaribu. Nikajivuna, mtoto wa Tanga, nikapiga bandi zangu kama ulivyonifundisha. Bibi aliyekuwa kando yangu alitazama, hakusema kitu, akachukua sindano akazifumua zote moja baada ya nyingine, akanirudishia uzi. Ndefu mno. Mara ya pili aliziacha nne. Kwa hiyo ujue, kati ya bandi zako na Alabama, zimefaulu nne.

Yeye ndiye aliyenipa kipande hiki cha kodrai nilichotia ndani ya bahasha. Kimepauka upande mmoja, usikifue kwa maji ya moto. Kiweke juu ya kiganja uniambie kama kinatosha kuwa kitovu cha mfarishi, ili nitafute kingine cha kukiunga nacho nimpe shemeji, anakuja huko Desemba.

Msalimie mama, mwambie dawa ya mguu nimeipata. Na mkasi, umesharudi?

Somo yako