Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Kigoma, 2024

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu cha wachunguzi wa mwendo wa mwili kwa mwaka ulioishia Desemba 2024. Kamati tendaji ilikutana kama ilivyopangwa, mafunzo ya walimu wa michezo kuhusu majeraha ya goti yalifanyika Ujiji mwezi Februari, na hesabu zimekaguliwa na wanachama wawili mliowateua wenyewe. Muhtasari wa hayo mnao mikononi, kwa hiyo sitaurudia.

Mada za kitaaluma zilikuwa tatu. Ya kwanza ilihusu nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978, ambazo zinaonyesha kwamba viumbe wa jamii ya binadamu walikwisha kutembea kwa miguu miwili katika nchi yetu yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Ya pili ilihusu namna ya kuinua mizigo. Ya tatu, niliyoiandaa mimi mwenyewe, ilihusu utafiti wa sokwe wa Bonde la Issa, hapa hapa magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2022. Watafiti waliwafuata sokwe wanaoishi kwenye mchanganyiko wa mbuga na miti, wakitarajia kwamba penye uwazi sokwe angeshuka na kusimama kwa miguu miwili ardhini. Kumbe zaidi ya asilimia 85 ya nyakati walizosimama kwa miguu miwili walikuwa juu ya miti. Matokeo hayo yanatikisa maelezo tuliyofundishwa shuleni, kwamba babu zetu walisimama kwa sababu misitu ilitoweka. Ninasikitika kusema kwamba mada nzito kama hiyo, iliyotokana na utafiti wa jirani zetu kabisa, ilisikilizwa na watu tisa, na wawili kati yao hawakuwa wanachama.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kamati wa kutumia fedha za mfuko wa vifaa kununua kamera mbili za mwendo kasi, zinazopiga picha nyingi kwa sekunde moja, badala ya mashine ya kukimbilia, ile ambayo mtu hukimbia juu yake akiwa mahali pamoja. Uamuzi huo umezungumzwa sana vijiweni na kwenye kundi letu la simu, na umezungumzwa kidogo sana vikaoni, ambako ndiko mahali pake.

Kwanza, utaratibu. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Mkutano wa kujadili suala hili uliitishwa mwezi Machi wakaja wanachama 11, ukaitishwa tena mwezi Aprili wakaja 8, ilhali akidi yetu ni theluthi moja ya wanachama 58, yaani watu 20. Katiba inaipa kamati tendaji mamlaka ya kuamua jambo la dharura pale akidi inaposhindikana mara mbili mfululizo, na bei tuliyopewa na muuzaji wa kamera ilikuwa inaisha mwishoni mwa Juni. Wajumbe wote wa kamati waliokuwapo walitia saini. Wanaolalamika leo kwamba hawakushirikishwa ndio ambao majina yao hayamo kwenye daftari la mahudhurio la Machi wala la Aprili, na daftari hilo liko mezani kwa katibu kwa yeyote anayetaka kulitazama.

Pili, fedha. Mfuko ulikuwa na shilingi 3,850,000. Mashine ya kukimbilia iliyopendekezwa na wenzetu makocha iligharimu 5,200,000, kabla ya usafiri wa kuileta Kigoma, hivyo tungeingia kwenye deni. Kamera mbili ziligharimu 2,300,000, stendi, mizani, plasta na taa 540,000, na usafiri pamoja na posho ndogo za walioshiriki katika upigaji picha mwaloni Kibirizi 310,000. Zimebaki 700,000 benki. Risiti zote zipo. Kijana aliyesaidia kupiga picha ni kweli ni mtoto wa ndugu yangu, na alilipwa nauli tu, hakulipwa ujira.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito kwangu, ni sababu ya kitaaluma. Mashine ya kukimbilia isiyo na vipima nguvu chini yake haimwambii mtafiti chochote kuhusu nguvu inayopita kwenye kifundo, goti na nyonga. Inamwezesha mtu kukimbia akiwa mahali pamoja, basi. Kamera inayopiga fremu 240, yaani picha 240, kwa sekunde, ikiwekwa mahali pake na kupimiwa umbali ipasavyo, inampa mtafiti pembe za viungo, urefu wa hatua na muda ambao mguu unakaa chini. Programu ya Kinovea ya kuchambulia picha hizo hailipiwi. Étienne-Jules Marey wa Ufaransa alianza kuuchunguza mwendo wa binadamu kwa picha za mfululizo katika miaka ya 1880, na tangu hapo picha haijaacha kuwa msingi wa biomekanika, yaani elimu ya mwendo wa mwili na nguvu zinazouendesha.

Nne ni kwa nini tulikwenda kupiga picha mwalo wa Kibirizi wala si uwanjani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo na Kikuyu, ulioonyesha kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila matumizi yao ya nishati kuongezeka. Mwaka 1995 likaja jaribio la kueleza jambo hilo. Mtu anapotembea, kitovu cha uzito wake hupanda anapopita juu ya mguu uliosimama na hushuka anapohamia mguu wa pili. Mwendo hugeuka kimo, kimo kikarudi kuwa mwendo, na kile kinachopotea katikati ndicho misuli inachokifidia. Wanawake waliozoea kubeba kichwani, walipowekewa mzigo, walipoteza kidogo kuliko walipotembea mikono mitupu. Lakini utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2010 haukuuona unafuu huo kwa wastani, na ulionyesha tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Suala bado liko wazi, nasi tunaishi mjini ambako kila alfajiri kina mama wanapanda kutoka mwaloni na mabeseni ya dagaa na madumu ya mawese kichwani. Chama cha watu wanaojiita wachunguzi wa mwendo wa mwili, kikiwa Kigoma, kingejieleza vipi kama hakijawahi kulitazama jambo hilo kwa karibu?

Niliomba ruhusa mimi mwenyewe kwa viongozi wa mwalo na kwa kila mama mmoja mmoja, na nyuso hazionekani kwenye picha. Upepo wa ziwa ulitikisa stendi hadi tukaifunga kwa gunia la mchanga. Mama mmoja tuliyekwisha kumbandika plasta nyeupe za kuonyesha viungo nyongani, gotini na kifundoni alikataa kuanza mpaka aifungue ngata yake na kuisokota upya kwa kitenge kikavu, akisema ngata iliyolowa huchezacheza. Ukiitazama picha yake polepole, fremu moja baada ya nyingine, unaona kisigino kinatua, goti linakunjika kidogo, nyonga inazama, na beseni linabaki kwenye mstari uleule kana kwamba limetundikwa. Alipotembea bila mzigo, kichwa chake kilipanda na kushuka waziwazi. Walioshiriki ni wachache na sitatoa hitimisho lolote hapa, ila ninasema bila kusita kwamba picha hizi zina thamani, na wanaoziita picha za sokoni hawajaja kuziona.

Makocha wamelalamika kwamba wanariadha wamesahauliwa. Kamera ni za chama na zimeazimwa mara mbili tu mwaka mzima, mara zote na wataalamu wa fiziotherapia. Hakuna kocha aliyeziomba akanyimwa.

Sasa ada. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Wanachama 21 wamelipa yote, 6 wamelipa nusu, na 31 hawajalipa hata senti. Tumekusanya 720,000 mahali pa 1,740,000. Nimewapigia simu wadaiwa, nimewaandikia barua, na wengine nimewafuata hadi kazini kwao. Inaumiza kuona kwamba kati ya waliopinga ununuzi wa kamera kwa sauti kubwa zaidi, wengi wamo kwenye wale 31. Kamati inapendekeza kwamba asiyelipa kwa miaka miwili asipige kura, nami ninaliunga mkono pendekezo hilo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuwapima wachukuzi wa bandarini. Wengi wao huinua magunia wakiwa wamekunja mgongo, na vipimo vilivyofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1999, vya mtu mmoja aliyewekewa kifaa ndani ya diski ya uti wa mgongo kiunoni, vilionyesha shinikizo la megapaskali (kizio cha kupimia shinikizo) 0.5 akiwa amesimama wima, 1.7 alipoinua kreti la takriban kilo 20 kwa kukunja magoti, na 2.3 alipoliinua kwa kukunja mgongo. Gunia la mahindi lina kilo 100, na lumbesa inazidi hapo. Tunatumaini pia kupata, kwa msaada wa wahisani au chuo kitakachokubali kushirikiana nasi, bamba la kupimia nguvu ya mguu ardhini, na mazungumzo ya awali yanaendelea. Picha zote za Kibirizi zimehifadhiwa kwa katibu, na mwanachama yeyote aliyelipa ada anaweza kuzipata kuanzia leo baada ya mkutano.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti